Boti isiyotaka kwenda polepole: kurambaza kwa mashine kubwa

Boti ya faiba ya mita 7 yenye mashine ya farasi 100 inaweza kukutoa Tanga alfajiri ukawa kwenye maji ya kina kabla jua halijakaza. Tabu huanzia hukohuko, unapotaka kurambaza, yaani kuvua kwa kukokota chambo nyuma ya boti. Umemtunga kibua hai kwenye ndoana, umemteremsha majini, umeingiza gia na kuachia mkono wa mafuta mpaka mwisho wake, na boti bado inakwenda mbio. Kibua anajitahidi kidogo, anachoka, anaanza kuzunguka na kuupota mshipi. Hakuna nguru atakayemsogelea. Na mkono wa mafuta hauna tena pa kushuka.

Wenye ngalawa hawakuwa na shida hii. Nahodha akitaka kupunguza mwendo hulegeza demani, kamba inayoshika tanga, tanga likamwaga upepo, chombo kikatulia. Mashine haina demani. Ina silensa, yaani mzunguko wa chini kabisa wa injini, na silensa ina kikomo chake.

Kwanza tuelewane ni polepole kiasi gani, maana si kila kurambaza kunahitaji kutambaa. Anayefuata nduaro na sulisuli kwa chambo bandia za plastiki huenda kilomita 11 hadi 17 kwa saa, na mwendo huo mashine yoyote inauweza bila kuambiwa. Chuchunge aliyekufa, akitungwa vizuri, huogelea safi kwenye kilomita 6 au 7, na wengine humkokota kwa kasi zaidi ya hapo. Shida ipo chini ya hapo. Sangara wa Ziwa Victoria, anayevuliwa kwa rapala (chambo bandia zenye umbo la samaki) za kuzama kando ya miamba ya visiwa kama Rusinga na Rubondo, hutafutwa kwa kilomita 3 hadi 6. Sehewa hai kwa ajili ya nduaro, 4 hadi 5. Kibua hai kwa ajili ya nguru ni 2 hadi 4, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, au chini yake. Kipimo chako kikisoma maili za baharini kwa saa, zidisha kwa 1.85 upate kilomita.

Sasa kwa nini mashine inagoma kushuka hapo? Tupige hesabu kidogo. Mashine nyingi za ukubwa wa kati zina gia inayopunguza mizunguko kwa karibu nusu: injini ikizunguka mara 700 kwa dakika, propela inazunguka mara 350. Kwenye propela kumechongwa namba mbili. Ya kwanza ni upana wake na ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Pichi ya inchi 19 ni sentimita 48. Mara 350 kwa dakika, hiyo ni mita 168, sawa na kilomita 10 kwa saa. Bahati nzuri maji huteleza, na kwenye mwendo mdogo hupotea kiasi cha nusu. Inabaki kilomita 5. Hiyo ndiyo sakafu. Unaweza kumlaumu fundi, unaweza kulaumu kabureta, lakini mashine iliyopewa pichi ya kukimbia itakimbia hata ikiwa imelala.

Wengi hufikiria kwanza kushusha silensa kwa bisibisi. Faida yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kutoka 700 kwenda 600 ni punguzo la asilimia 14, kwa hiyo kilomita 5 zinakuwa 4.3, na kwa kabureta utakuwa umejinunulia mashine inayozimika kila unapoingiza gia. Mashine mpya za stroku nne zina kitufe cha kazi hii hii, kinachopandisha au kushusha mizunguko 50 kwa kila mbonyezo. Ni kitu kizuri, kompyuta inailinda injini isizime, ila hesabu ni ileile: unapunguza asilimia chache, si nusu.

Kabla hujanunua wala kuchonga chochote, hakikisha unapima kasi iliyo sahihi. Hapa ndipo watu wanapopotea, na simu zenye GPS zimezidisha upotevu. GPS inapima boti inavyosogea juu ya ardhi. Samaki hajali ardhi. Anaona chambo kinavyopita ndani ya maji yanayomzunguka yeye, na maji hayo yenyewe yanatembea.

Chukua Mkondo wa Pemba. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unapata nguvu sana, wakati wa kaskazi unalegea. Tuseme leo unakwenda kilomita 3 kwa saa. Boti yako ya kilomita 5 ikielekea kusini, GPS itasoma 2, nawe utafurahi kwamba umeituliza. Hujaituliza. Chambo bado kinapasua maji kwa kilomita 5, sawasawa na pale mwanzo. Ukigeuza uelekee kaskazini GPS itaruka hadi 8, utashtuka, utahangaika na gia, na kumbe kwa samaki hakuna kilichobadilika. Kwenda kinyume na mkondo kuna faida moja tu ya kweli: unakaa muda mrefu juu ya mwamba uliokusudia.

Upepo ni habari nyingine. Upepo unausukuma mwili wa boti, hausukumi maji uliyomo wala chambo kilicho chini yake. Ukielekeza omo (mbele ya boti) kwenye upepo, kasi ya chambo inapungua kikweli. Ukiupa upepo tezi (nyuma ya boti), inaongezeka. Kwa hiyo nahodha anayesema kwamba anapata nguru akielekea upande fulani tu mara nyingi anasema kweli, hata kama sababu anayoitoa siyo. Ziwani mambo ni mepesi zaidi kwa kuwa mkondo ni mdogo, na hapo GPS haidanganyi sana. Cha kuangalia ni upepo unaotoka nchi kavu asubuhi na ule unaogeuka kutoka ziwani mchana.

Ukitaka kipimo kisichodanganywa na mkondo, tumia kumbi la nazi. Mmoja asimame omo alitupe majini mbele kidogo, mwingine akae tezi. Hesabu sekunde kutoka linapopita omo hadi linapopita tezi. Urefu wa boti kwa mita, zidisha kwa 3.6, gawa kwa sekunde hizo. Boti ya mita 7 iliyolipita kumbi kwa sekunde 5 inakwenda kilomita 5. Kwa sekunde 8, kilomita 3 na kitu. Kumbi linaelea na maji yaleyale anayoogelea kibua wako. Mabaharia walipima hivi karne nyingi kabla ya setilaiti, na kwa kazi hii bado wanashinda.

Halafu mtazame chambo mwenyewe. Mkokote ubavuni mwa boti kwa mita chache kabla ya kumwachia mbali. Rapala inatikisika kwa mpigo mmoja au inalala ubavu? Kibua anapiga mkia au anaburutwa tu? Namba ni za kuanzia. Macho ndiyo yanayoamua.

Ukishajua kasi yako ya kweli na bado ni kubwa, njia ni mbili: kupunguza msukumo, au kuongeza ukinzani.

Msukumo unapunguzwa bure kwa kucheza na gia. Ingiza gia sekunde chache, toa frii sekunde kadhaa, ingiza tena. Kwa chambo hai ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu boti inapopoa kibua anapata nafasi ya kuzama na kuogelea mwenyewe, kisha anavutwa taratibu. Kwa rapala haifai: inapanda na kushuka, na ile yenye kuelea itakuja juu kila unapotoa gia. Pia ni kazi ya kuchosha mkono, na meno ya gia hayakuumbwa kuingizwa mara mia kwa asubuhi moja. Ukifanya, ingiza kwa mkato, usiiingize kwa woga; gia inayosogezwa taratibu ndiyo inayosagika.

Mwenye mashine mbili azime moja na kuiinua. Wengi hutarajia kasi ishuke nusu, wanashangaa imepungua robo tu. Sababu inastahili kuelezwa, maana ndiyo inayotawala kila kitu kinachofuata. Ukinzani wa maji dhidi ya boti inayokwenda polepole hukua kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, ukinzani unaongezeka mara nne. Geuza hesabu hiyo upande wa pili. Ili kasi ishuke nusu, msukumo lazima ushuke hadi robo. Na propela nayo ina ujanja wake, kwani boti inapopungua mwendo, propela inauma maji kwa nguvu zaidi na kurudisha sehemu ya kile ulichokiondoa. Ndiyo maana dawa nyingi za kupunguza kasi huonekana hafifu, na wanaouza vifaa hawalisemi hili.

Kubadili propela kunasaidia kwa sababu kunagusa chanzo. Kutoka pichi ya inchi 19 kwenda 15, sakafu yetu ya kilomita 5 inashuka hadi 4 hivi. Gharama inalipwa upande wa juu. Kila inchi moja ya pichi unayoiondoa huongeza mizunguko kama 150 hadi 200 mafuta yakiwa wazi kabisa, na inchi nne zinaweza kuipeleka injini nje ya kiwango alichoandika mtengenezaji. Basi unakuwa na propela ya kurambazia ambayo huruhusiwi kuikimbiza. Wapo wanaobeba propela mbili na kubadilisha baharini. Mimi nisingependa kushika pini na nati za propela juu ya maji ya mita 300.

Bati la nyuma ya propela ni njia nyingine. Linafungwa kwa bolti kwenye ubapa ulio juu ya propela, lina bawaba, na likishushwa linaziba njia ya maji yanayosukumwa. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kulitengeneza, ila atumie chuma kisichoshika kutu au aluminiamu nene. Linapunguza sana, pengine kuliko kitu kingine chochote cha bei hiyo. Kasoro zake mbili: usukani unakuwa mzito kuitika, kwa kuwa ni maji yaleyale ya propela yanayoigeuza boti, na siku utakaposahau kulinyanyua ukafungua mafuta, litapinda au litang'oka na kipande cha ubapa. Ya kununua huwa na springi inayoliachia lenyewe. Ya kuchomelea yana kumbukumbu ya nahodha tu.

Sasa ukinzani, na hapa tufike kwenye ndoo.

Ndoo ya lita 20 yenye mdomo wa sentimita 30, ikiburutwa mdomo mbele kwa kilomita 5 kwa saa, inavuta nyuma kwa nguvu ya kama kilo 9. Kwa boti nyepesi ya faiba hiyo ni nguvu ya kuheshimika, inaukaribia ukinzani wa boti yenyewe kwenye mwendo huo. Lakini ule mraba unarudi tena. Kwenye kilomita 3 ndoo hiyohiyo inavuta kilo 3 tu. Kadiri unavyofanikiwa kupunguza mwendo, ndivyo ndoo inavyozidi kuwa mvivu. Ndiyo maana ndoo moja inakutoa kwenye 5 ikakufikisha kwenye 4, na ya pili haikufikishi kwenye 3. Unachohitaji ni kitu kipana zaidi: mfuko wa turubai ulioshonwa kama faneli, mdomo wa sentimita 60 ulioshikwa na pete au kamba nne, na tundu dogo mkiani ili maji yapite na mfuko usiyumbe. Mdomo ukiwa mpana mara mbili, eneo ni mara nne, na mvuto ni mara nne.

Mahali pa kuufunga ni muhimu kuliko ukubwa wake. Usiufunge tezi. Utaivuta tezi chini, wimbi la nyuma litaingia ndani, na kamba iko hatua moja kutoka kwenye propela, bila kusahau kwamba mishipi yako yote inapita hapohapo. Funga ubavuni, mbele ya katikati ya boti, kwenye sehemu imara ya kufungia kamba. Urefu wa kamba pamoja na mfuko usifikie propela hata ukinyooshwa wote. Kipimo hicho kifanyie ufukweni, usikikisie. Mfuko mmoja utaivuta boti upande wake, kwa hiyo ama uweke miwili, mmoja kila ubavu, ama ukubali kushika usukani umeukaza upande mmoja asubuhi nzima. Mkiani funga kamba nyembamba ya pili inayorudi botini. Ukiivuta hiyo, mfuko unageuka, unamwaga maji na kuingia kwa mkono mmoja. Asiye na kamba hiyo atapigana na mfuko uliojaa maji wakati samaki yuko kwenye mshipi.

Na ndoo zina hatari ambayo hesabu ileile inaionyesha. Kilo 9 kwenye kilomita 5 ni zaidi ya kilo 140 kwenye kilomita 20. Kishikio cha waya kitachomoka, au kile kilichofungiwa kamba ndicho kitakachong'oka. Toboa ndoo sehemu nne chini ya ukingo, pitisha kamba, na uachane na kile kishikio.

Wavuvi wa maziwa ya Marekani na Kanada wana njia yao ya kurudi kinyumenyume: wanaingiza rivasi na kuacha tezi bapa ipasue maji, ukinzani unaongezeka sana na boti inatambaa. Hutundika mabati ya kuzuia maji yasiruke ndani. Kwenye ziwa lililotulia asubuhi inafaa. Baharini wakati wa kusi usijaribu, tezi ndiyo sehemu ya chini kuliko zote kwenye boti.

Dawa kamili, kwa mwenye uwezo, ni mashine ndogo ya pili. Farasi 8 hadi 15 zinaisukuma boti ya mita 7 kwa mwendo wa kurambaza bila jasho, na propela yake ya pichi fupi inakupa kitu ambacho mashine kubwa haina kabisa: nafasi ya kupanda na kushuka. Haupo tena kwenye sakafu, upo katikati ya ngazi. Mafuta yanapungua, mtetemo unapungua, na mashine kubwa ikikufia mbali na nchi kavu una njia ya kurudi. Kwa maoni yangu sababu hiyo ya mwisho peke yake inatosha kuinunua. Angalia urefu wa mguu: boti iliyotengenezwa kwa mguu wa inchi 20 ukiipachika mashine ya inchi 15, propela itakuwa inanyonya hewa kila wimbi linapopita. Mashine kubwa iache chini, imenyooka, ikusaidie kama usukani wa kutuliza njia.

Ya umeme inayofungwa omo ni tamu kwa boti ndogo za ziwani, haina kelele na inashika mwendo barabara. Ila kwa nguvu zake zote hula ampea kama 50, na betri ya ampea-saa 100 inakwisha baada ya saa mbili. Kwa mwendo mdogo hudumu zaidi. Wenye dizeli ya ndani waulize fundi kama gia yao inapokea vali ya kurambazia, ile inayopunguza presha ya oili ili klachi iteleze. Ikiwepo, mizunguko isizidishwe juu ya kiwango kilichowekwa, la sivyo klachi itaungua.

Jambo moja linawahusu hasa wenye Yamaha Enduro na ndugu zake wa stroku mbili, ambao pwani na ziwani ndio wengi. Mashine hizi hazipendi kukaa kwenye silensa kwa saa nyingi. Moto ni mdogo, oili haiungui yote, plagi zinashika masizi, na unapotaka kuondoka inakohoa na kuzima. Wapo wanaozidisha oili kwenye petroli wakidhani wanailinda injini. Kwa kurambaza wanaiharibu haraka zaidi. Kama kitabu cha mashine kinasema 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, fuata hivyo. Kila baada ya nusu saa hivi toa chambo, pandisha mizunguko kwa dakika moja mbili ili isafishe koo. Beba plagi za akiba na spana yake. Tazama pia kijito cha maji ya kupoozea kinachotoka nyuma: kwenye mizunguko midogo pampu inasukuma kidogo, na hapo ndipo pampu iliyochakaa inapojionyesha.

Kabla ya kutumia fedha yoyote, tembeza boti kwa mikunjo, kushoto kisha kulia, mithili ya nyoka. Mshipi wa ndani ya kona unapunguza mwendo na kuzama, wa nje unaongeza na kupanda. Samaki wakila mara kwa mara ule wa ndani, wamekuambia boti ina kasi mno. Wakila wa nje, acha ndoo zikauke.

Na nguru akishakula, kazi ya kwanza si kufungua mafuta. Toa frii. Mmoja ashike ufito, mwingine avute kamba ya mkiani na kuingiza mfuko ndani upande ule samaki asikokimbilia, kisha wa pili. Bati linyanyuliwe kama lipo. Mikono yote ikishaonyesha kwamba hakuna kamba majini zaidi ya mshipi, ndipo nahodha aguse gia.